Msumari wa Benchi la Saba

Fomu ina mstari mmoja tu wa kueleza kasoro,
na mstari huo unataka Kiingereza.
Behewa la daraja la tatu, benchi la saba, upande wa dirisha:
kuna msumari.
Hilo halina ubishi.
Ubishi ni huo msumari unafanya nini.

Kwa Kiswahili ningemaliza kabla chai haijapoa.
Jua huchomoza. Kifua cha jogoo hubenuka.
Nundu ya fahali hututumka, ncha ya mkuki huchongoka,
mbavu za ng'ombe wa kiangazi huhesabika bila kuitwa,
na mtoto mwenye haya huchungulia mlangoni, nusu uso.
Kila kitu kina namna yake ya kuwatoka wenzake.

Lakini kamusi ya karakana
mchwa wameila kuanzia herufi S hadi jalada,
na kilichosalia kinanipa maneno matatu
yanayofanana kama watoto wa tumbo moja,
kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye mwongo.

Mwezi wa tatu niliandika la kwanza,
fupi, la mviringo, linalojaa mdomoni kama kitumbua.
Jibu likaja kutoka makao makuu:
"Mbao ikifura ni unyevu. Anikeni benchi."
Tukaling'oa. Likaota jua la Tabora siku mbili,
mbuzi wa jirani wakalala juu yake,
tukalirudisha mahali pake
na msumari wake.

Mwezi wa tano niliandika la pili,
refu, la heshima, lile ambalo wachoraji wa majumba
hulipa baraza na upenu.
Wakajibu upesi safari hii:
"Kilichokusudiwa na mchoraji kisiguswe."

Nyamizi, aletaye asali kutoka Usinge,
alinionyesha vitenge viwili vilivyochanika mahali pamoja,
kisha goti, kovu limekaa kama mkia wa mjusi.
Nikamweleza habari ya maneno.
Akasikiliza mpaka mwisho, dumu kichwani.
"Kwa hiyo mnangoja siku ya arobaini," akasema,
"ndipo mumpe jina?"

Usiku nililigusa jino langu kwa ulimi.
Hili la mbele, lililotangulia midomo.
Shuleni, mwalimu Kasanda aliliita neno la tatu,
akaliandika ubaoni, akalipigia mstari,
na darasa zima likacheka kwa sarufi sahihi.
Bibi yangu kule Sikonge alisema tu
kwamba jino hilo limetoka kupokea wageni.
Jino lile lile. Milimita zile zile.

Sikulala vizuri.
Niliona kwamba hayo maneno hayapimi urefu.
Yanauliza: nani alikuruhusu?
Ukiruhusiwa, wewe ni baraza.
Usiporuhusiwa, wewe ni jino la Mlekwa.

Alfajiri niliazima koleo la fundi Ngasa
bila kumwambia fundi Ngasa.
Msumari ulilia kama panya,
ukaja umepinda, na nyuzi za kitenge cha buluu shingoni.
Nikakaa palepale, benchi la saba,
nikajaza fomu kwa mwandiko wangu wa darasa la nne
na kwa lugha niliyonyonyeshwa mjini hapa:
*Msumari umetoka.*

Leo, mwezi wa nane, wamejibu.
Hawakugomba kuhusu Kiswahili.
Wanauliza tu, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu:
"Umetoka, maana yake bado upo,
au umetoka, maana yake haupo?
Fafanua."
Wameniachia mstari mmoja.

Feni inazunguka.
Nimeukandamiza ukingo wa fomu kwa msumari wenyewe
isije ikapeperuka,
na kila nikiinama kuandika
kiwiko changu kinaukuta.